Mkimbiaji Mdogo na Sahani Yake

Leo nataka tuwazungumzie watoto wetu wanaokimbia. Mabingwa wana watu wa kuwasemea. Mimi nawasemea wale ambao majina yao bado yanasomwa kwenye rejista ya darasa: msichana wa kidato cha pili aliyeamka leo saa kumi na moja alfajiri, akafunga kamba za viatu gizani, akakimbia kilomita kumi kwenye barabara ya vumbi huko Nandi, Keiyo au Trans Nzoia, akaoga maji baridi na kuwahi kengele ya kwanza. Swali langu ni hili: tangu avue viatu mpaka kengele ilipolia, alikula nini? Na je, kilimtosha?

Kwangu mimi hakuna swali kubwa kuliko hili katika riadha ya vijana. Tunabishana kuhusu viatu, tunabishana kuhusu uwanja na mawakala, na sahani tunaiachia mpishi. Tumewafundisha vijana wetu kuogopa uzito, ilhali kinachowamaliza wengi wao ni njaa. Haifanani na njaa ya ukame tunayoijua. Hii ni njaa ya mtu anayekula mara tatu kwa siku, lakini mwili wake unabaki na kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya alichokula imeishia barabarani.

Tuanze na matumizi yenyewe. Mtu mzima wa kawaida hutumia zaidi ya nusu ya nishati yake ya siku bila kuinua hata jembe. Hata akilala kitandani kutwa, moyo unapiga, ini halipumziki, figo zinachuja, na ubongo peke yake unachukua kama moja ya tano ya nishati ya mwili uliotulia. Kiasi kingine, takriban asilimia 10, huenda kwenye kusaga chakula chenyewe. Kinachobaki ndicho cha kutembea, kulima, kuchota maji na kukimbia. Kijana ana kazi moja zaidi: bado anajenga mwili. Ukihesabu kwa kalori, ujenzi huo hauli nyingi kwa siku. Shida yake ni kwamba unaweza kuahirishwa. Moyo hauwezi kuambiwa usubiri hadi muhula ujao. Mfupa unaweza, na husubiri kimya kimya bila mtu yeyote kujua.

Huenda unajiuliza watu wamezipataje hesabu hizi, maana huwezi kumfungia kijana chumbani wiki mbili halafu useme umepima maisha yake. Njia iliyopo ni ya ajabu, na naipenda kwa sababu haimsumbui anayepimwa. Mtu hupewa maji ya kunywa yenye hidrojeni na oksijeni nzito kidogo kuliko zile za kawaida. Hayadhuru. Kisha anaenda zake: shuleni, shambani, uwanjani. Ile hidrojeni nzito hutoka mwilini kupitia maji peke yake, yaani mkojo, jasho na mvuke wa pumzi. Oksijeni hutoka kwa njia mbili, kwenye maji na pia kwenye hewa ya kaboni tunayoitoa tukipumua. Kwa hiyo oksijeni huisha upesi zaidi, na tofauti ya kasi hizo mbili ndiyo inayoonyesha mtu ametoa hewa ya kaboni kiasi gani, na kwa hiyo ameunguza chakula kiasi gani. Mtafiti anahitaji vichupa vichache vya mkojo tu. Nathan Lifson wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliianza kazi hiyo kwa wanyama wadogo miaka ya 1950. Binadamu walisubiri hadi 1982, maana ile oksijeni nzito ilikuwa ghali mno kumtosha mtu mzima.

Maji hayo ndiyo yaliyoleta habari iliyowashangaza wengi, na ilitoka hapa hapa kwetu Afrika Mashariki. Herman Pontzer na wenzake, akiwemo Mtanzania Audax Mabulla, waliwapima Wahadzabe wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania. Matokeo yakachapishwa 2012. Wahadzabe wanaishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi, kurina asali na kuchuma matunda ya porini. Wanaume walikuwa wakitembea takriban kilomita 11 kwa siku, wanawake karibu 6. Kila mtu alitarajia wangeonekana wanatumia nishati nyingi kupindukia kuliko mfanyakazi wa ofisini wa Marekani au Ulaya. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, matumizi yao ya siku nzima hayakutofautiana na ya huyo wa ofisini.

Hebu tulitafakari hilo kidogo. Anayetembea porini kutwa na anayekaa kitini kutwa wanamaliza siku na jumla zinazokaribiana. Pontzer anaeleza kwamba mwili hauongezi matumizi bila kikomo kila unapoongezewa kazi. Ukitumia zaidi huku, unabana kule. Ni kama nyumba ambayo mshahara haubadiliki: karo ikipanda, baba hakopi kila mwezi, anaacha tu kuziba paa linalovuja, anaahirisha choo kipya, anapunguza nyama. Nyumba inaendelea kusimama, na mgeni akipita nje haoni kilichoachwa.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kubana huko kunaweza kuwa na faida. Kwa mtoto mambo ni mazito zaidi. Watoto wa jamii ya Shuar, kwenye msitu wa Amazon nchini Ekuador, walipimwa na Samuel Urlacher na wenzake. Watoto hao hujishughulisha kwa takriban robo zaidi kuliko watoto wa miji ya nchi tajiri, na miili yao hutumia nishati zaidi hata wakiwa wametulia, kwa sababu inapambana na vimelea na maambukizi. Jumla ya matumizi yao ya siku, hata hivyo, ilikuwa sawa na ya wale wa mijini. Na katika kazi nyingine ya kundi hilo hilo ilionekana kwamba mtoto anapopigana na maambukizi, kimo chake hakiongezeki kama ilivyotarajiwa. Kubana kuliangukia kwenye kukua.

Sasa rudi kwa msichana wetu wa kidato cha pili. Kilomita zake kumi za alfajiri zinalipwa kila siku bila kukosa. Kitakachobanwa ni kipi?

Najua kuna kocha ananisikiliza na tayari ana jibu. Ataniambia: mabingwa wenyewe wanakula kidogo na wanashinda. Ana msingi wa kusema hivyo, kwa hiyo tusimpuuze. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake walichapisha vipimo vya wakimbiaji kumi hodari wa Kenya waliokuwa kambini Bonde la Ufa, wiki moja kabla ya mashindano ya mchujo. Kila walichokula kilipimwa kwenye mizani. Walikula takriban kalori 3,000 kwa siku na kutumia kama 3,600. Zaidi ya robo tatu ya nishati ilikuwa wanga: ugali, wali, mkate, viazi, pamoja na sukari ya chai, ambayo peke yake ilibeba karibu moja ya tano ya kalori zote. Mnamo 2006 watafiti walitumia yale maji niliyoyaeleza kwa wakimbiaji wengine, na upungufu ukaonekana tena.

Lakini soma taarifa yote, usichague ukurasa. Hao walikuwa wanaume wazima, na siku zilizopimwa zilikuwa za mwisho kabla ya mashindano makubwa. Pia inajulikana kwamba mtu anayejua chakula chake kinapimwa mara nyingi hula pungufu ya kawaida yake. Na kuna jambo jingine kwenye utafiti huo ambalo silisikii likirudiwa viwanjani: wakimbiaji hao walikuwa wakila mara tano kwa siku. Kiamsha kinywa, kitu cha saa nne, chakula cha mchana, kitu cha saa kumi, na chakula cha jioni. Mara tano! Mwanafunzi wetu wa bweni anakimbia kama mtu wa kambini na anakula kama mwanafunzi.

Tupige hesabu pamoja, kwa makadirio ya kawaida ya jikoni. Kukimbia hugharimu takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili kwa kila kilomita. Binti wa kilo 50 akikimbia kilomita 10, zimekwenda 500. Asubuhi alikunywa kikombe cha chai ya maziwa na vipande vinne vya mkate: tuseme 400. Mchana sahani ya githeri: 500. Jioni ugali na sukuma wiki: 700. Jumla ni 1,600. Toa zile 500 za mbio, zimebaki 1,100 za kuendesha moyo, ubongo, ini, hedhi, mifupa, masomo na kukua.

Je, 1,100 ni kiasi gani? Hapa namshukuru Anne Loucks wa Chuo Kikuu cha Ohio. Yeye na mwenzake, mwaka 2003, waliwafuatilia wanawake vijana wenye afya ambao hedhi yao ilikuwa ya kawaida, wakapanga kwa makini walichokula na walichotumia kwa mazoezi. Hesabu yao haikuanzia kwenye uzito wote. Walitoa mafuta ya mwilini kwanza, wakabaki na misuli, mifupa, maji na viungo. Waliona kwamba mwili ukibakiwa, baada ya mazoezi, na chini ya kalori 30 kwa kila kilo ya sehemu hiyo isiyo mafuta, homoni ya ubongoni inayoamuru yai likomae hupoteza mpigo wake. Hiyo ilichukua siku tano tu. Miaka mitatu baadaye alionyesha kwamba wanaodhurika zaidi ni wale ambao haijapita miaka mingi tangu waanze hedhi. Kiasi kinachofaa ni kama 45.

Binti wetu wa kilo 50 ana tuseme kilo 10 za mafuta, kiasi cha kawaida kabisa kwa msichana wa rika lake. Zimebaki 40. Kwa 45 anahitaji 1,800. Kwa 30 ni 1,200. Yeye amebakiwa na 1,100. Na hiyo ni siku aliyomaliza sahani zote. Watafiti wa leo wanasema mstari huo wa 30 haumkati kila mtu mahali pamoja, nami nakubali, lakini huyu hasimami hata karibu na 45.

Muhula uliopita nilikaribishwa jikoni kwenye shule moja ya bweni. Sufuria kubwa ya githeri ilikuwa mekoni, masizi yameganda darini, na mama mpishi ameshika upawa wenye mpini mrefu. Wanafunzi walikuwa wakipita na sahani zao za plastiki. Akafika binti mmoja amevaa suti ya michezo, na kabla upawa haujashuka akafunika nusu ya sahani kwa kiganja.

“Mama, kidogo tu.”

“Kidogo vipi, mwanangu, na mimi nimekuona asubuhi ukikimbia?”

Binti akacheka kwa aibu, akasogea mbele. Mama akaendelea kupakua, na bila kuniangalia akasema, “Hawa wa mbio wameambiwa wapunguze mwili. Wanaokaa darasani tu ndio wanarudi kuongezewa.”

Nimekuwa nikiufikiria mkono ule. Githeri ikiwa nusu, hesabu yetu inashuka hadi 850. Na huyo analala bweni, hana kazi za nyumbani. Anayetoka nyumbani ana mzigo mwingine ambao haumo kwenye daftari la kocha. Vijana wa Nandi waliopimwa katika utafiti uliochapishwa 2013 walikuwa wakisafiri kwa wastani kilomita 7.5 kila siku kwa ajili ya shule. Uwezo wao wa kutumia oksijeni ulikuwa wa kustaajabisha: wavulana mililita 73.9 kwa kila kilo ya mwili kwa dakika, wasichana 61.5, wakati mvulana wa kawaida katika nchi tajiri hufikia kama 45 hadi 50. Tunajivunia takwimu hizo, na tuna haki. Lakini kilomita hizo nazo zililipiwa na ugali wa mtu. Ukiongeza ndoo ya maji na ng'ombe wa kukamuliwa jioni, mazoezi ya kocha yanaanza juu ya mwili ambao tayari umeshafanya kazi.

Nizungumzie mizani, maana ndiyo chanzo cha kile kiganja juu ya sahani. Mizani inakuambia kitu kimoja tu: jumla. Haikuambii jumla hiyo imetokana na nini. Wavulana wawili wa kimo kimoja na kilo 60 kila mmoja wanaweza kuwa na miili miwili tofauti kabisa, mmoja misuli na mifupa mizito, mwingine mafuta zaidi na mifupa myepesi, na mizani itawaita ndugu. Hata ile hesabu ya kugawanya uzito kwa kimo kilichozidishwa kwa kimo, tunayopimwa nayo zahanati, ilitungwa na Mbelgiji Adolphe Quetelet katika karne ya 19 akitafuta wastani wa watu wengi. Hakuwa akimtazama mkimbiaji mmoja mwenye umri wa miaka 15.

Kuna kocha anayewapima watoto mara tu baada ya mazoezi, akiona kilo moja imepungua anafurahi. Kocha, hiyo kilo ni maji. Mtoto akinywa itarudi. Na akianza kujinyima, kilo za mwanzo huwa tena maji, pamoja na wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini, kwa sababu kila gramu ya wanga huo hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ndiyo akiba anayoihitaji kumalizia mzunguko wa mwisho. Akiendelea kujinyima, unafika wakati mwili unakula misuli yenyewe. Mizani inashuka, kocha anapongeza, na miguu imepungukiwa.

Kwa wasichana kosa hili ni baya zaidi, na hapa naomba akina baba mnisikilize vizuri. Kati ya miaka 12 na 16, mwili wa msichana huongeza mafuta. Umepangwa hivyo. Nyonga hupanuka, matiti hukua, na tishu ya mafuta hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa 1994 na Jeffrey Friedman na wenzake huko New York, ambayo hupeleka ubongoni habari kwamba akiba ipo. Ubongo usipopata habari hiyo, huchelewesha au husimamisha hedhi. Katika miaka hiyo hiyo wasichana wengi huona muda wao wa mbio ukisimama, au hata kurudi nyuma kwa sekunde kadhaa. Aliyekuwa wa kwanza akiwa na miaka 13 anamaliza wa sita akiwa na 15. Kocha asiyejua anasema, “Umenenepa.” Anayejua anasema, “Mwili wako unajijenga, tulia, kasi itarudi na nguvu mpya.” Sentensi hizo mbili, msikilizaji, zinaweza kutenganisha maisha mawili.

Mwaka 2019 Mmarekani Mary Cain, aliyewahi kuwa kijana mdogo kuliko wote kuiwakilisha Marekani katika mashindano ya dunia ya riadha, alisimulia hadharani jinsi alivyoshinikizwa kupungua uzito. Alisema alikosa hedhi miaka mitatu na kuvunjika mifupa mitano. Huyo alikuwa na kila kitu ambacho watoto wetu hawana: madaktari, vifaa, fedha. Alichokosa ni chakula cha kutosha na mtu wa kumwambia ale.

Kwa nini mifupa? Kwa sababu mifupa ina msimu wake. Takriban robo ya mfupa wa maisha yote huwekwa katika miaka miwili tu, ile ya kurefuka kwa kasi, na kufikia miaka 18 au 20 karibu asilimia 90 ya mfupa imeshawekwa. Kukimbia kwenyewe huimarisha mfupa, hilo ni jambo zuri kabisa la michezo, lakini kwa sharti kwamba chakula kipo na homoni zipo. Hedhi inayosimama maana yake homoni ya estrojeni imeshuka, na bila estrojeni mfupa hupotea badala ya kuwekwa. Msichana anayekosa hedhi akiwa na miaka 16 na kuambiwa ni dalili ya mazoezi mazuri anadanganywa. Nimelisikia neno hilo viwanjani kwa masikio yangu, likisemwa na watu wazima kwa nia njema, na kila nikilisikia moyo unaniuma.

Tumtazame mkimbiaji wetu Faith Kipyegon kwa kuhesabu miaka. Mwaka 2011 alishinda mbio za nyika za dunia za vijana kule Hispania, akikimbia bila viatu. Akashinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 Rio 2016. Akajifungua 2018. Akashinda tena Tokyo, akashinda tena Paris 2024, na 2025 akaivunja rekodi yake mwenyewe ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 48.68. Miaka 14 tangu ubingwa wa vijana. Ukipita shule zetu ukauliza walioshinda mbio za nyika za kaunti miaka mitano iliyopita wako wapi, wangapi bado wanakimbia?

Wavulana wasidhani wameponea. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kwamba upungufu wa nishati huwapata wanaume pia. Wao hawana hedhi ya kuwaonya, kwa hiyo huchelewa kugunduliwa. Homoni zao za kiume hushuka, ile hali ya kawaida ya kijana kuamka asubuhi na nguvu za kiume hupotea, hasira huwa karibu, usingizi huwa mwepesi. Baba, mambo hayo mwanao hatakuambia mezani mbele ya dada zake. Mtembeze shambani, muulize.

Dalili nyingine ni za wote. Mafua yasiyokwisha. Uchovu ambao Jumapili nzima ya kulala hauuondoi. Muda unaozidi kuwa mbaya huku mazoezi yakiongezwa. Na maumivu ya muundi, mahali pamoja panapouma ukipabonyeza kwa kidole, yanayoanza wakati wa mbio na baadaye kuendelea hata usiku. Huo huenda ni ufa kwenye mfupa. Haupakwi dawa ya kuchua na kurudishwa uwanjani. Unapelekwa hospitalini, unapumzishwa, na mwenye mguu analishwa.

Sasa tufanye nini? Nianze na walimu wakuu, maana ratiba iko mikononi mwao. Mwanafunzi akimaliza kukimbia alfajiri asingoje chai ya saa moja na nusu pamoja na wengine. Apate uji mzito wa wimbi uliotiwa maziwa na sukari, pale pale, ndani ya nusu saa. Saa nne apewe ndizi mbili au viazi vitamu. Jioni upawa wa pili wa maharagwe. Mafuta ya kupikia yasiogopwe: kijiko kimoja kikubwa kina zaidi ya kalori 100. Kiganja cha karanga kina kama 170. Parachichi moja kubwa, tunda ambalo kwenye kaunti nyingi huoza chini ya mti, lina karibu 300. Ukijumlisha vitu hivyo, binti wetu wa 1,100 anafika 1,800 bila kopo hata moja la unga wa dukani wenye picha ya mtu mwenye misuli. Makopo hayo yasiwakaribie watoto. Baadhi huwa yamechanganywa na vitu visivyoandikwa kwenye lebo, na kijana anaweza kufungiwa kwa kosa la dawa ambazo hakujua anazimeza.

Kocha, mizani iondoe uwanjani. Ukitaka kujua kama mtoto anaendelea vizuri, weka daftari lenye usingizi, hamu ya kula, maumivu na muda wa mbio. Habari za hedhi za wasichana zikae kwa matroni au mwalimu wa kike wanayemwamini, na yeye akuambie jambo moja tu: fulani apumzishwe. Akikosa miezi mitatu mfululizo, au akifikisha miaka 15 hajaanza, aende kliniki. Huna haja ya kujua zaidi ya hapo.

Na wazazi, siku ya kutembelea shule mnakuja na chapati, kuku na soda, na mtoto anakula siku moja kwa niaba ya mwezi mzima. Leteni pia vile vinavyokaa kwenye sanduku la chuma: karanga za kukaanga, maziwa ya unga, unga wa uji wenye soya, sukari. Kama shule hairuhusu, mzungumzeni na mwalimu mkuu kabla ya siku hiyo, na mumwombe vitu hivyo vitunzwe jikoni kwa jina la mtoto. Halafu kaeni naye chini ya mti, mumuulize anakula saa ngapi baada ya kukimbia, nani amemwambia apunguze mwili, na kama kuna mahali mguuni panapomuuma akipabonyeza.